Tupeane uzoefu: Kwaresima gani ulifunga kweli, siyo kushinda njaa tu?

Wakuu kwema?

Mimi Mkatoliki wa kuzaliwa, kila Jumatano ya Majivu nikishapakwa nikakumbushwa kwamba mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi, naacha bia. Miaka kama nane hivi mfululizo. Washkaji wanajua, nikipita pale kijiweni wanasema mwacheni huyo yuko Kwaresima, na mimi najisikia mtakatifu kiaina. Sasa mwaka jana wiki ya tatu wife akaniambia, "Baba Junior, bora ukanywe tu, maana tangu uache nyumba haikaliki." Nikacheka, akasema sitanii.

Usiku nikaanza kujikagua. Kelele kwa watoto kwa kila kitu, chumvi ikizidi kesi, na dada wa kazi nilikuwa sijamlipa miezi miwili, kila siku namwambia avumilie mambo hayajakaa sawa, huku hela ya bia naiweka pembeni kwenye simu na imeshafika laki na themanini na nimeshaipigia hesabu ya sabufa ya Pasaka. Yaani najinyima kwa Mungu halafu chenji narudishiwa mimi.

Nikaenda kitubio nikamwaga yote mpaka la sabufa. Padri akacheka kidogo (siri ya kitubio inamfunga yeye, mimi mwenye dhambi zangu naruhusiwa kusimulia). Nimezoea malipizi ya Salamu Maria tatu, yeye akaniambia ukitoka hapa, kabla hujala chochote, kamlipe huyo binti. Nikamlipa. Akazihesabu mara mbili, akasema asante baba, asubuhi akaomba ruhusa siku tatu aende Singida mama yake anaumwa. Miezi miwili mtu anaosha vyombo vyangu na sijui kama mama yake yuko kitandani.

Lile somo la Isaya 58 linasomwa Ijumaa ya kwanza kabisa baada ya Majivu na nimelisikia tangu niko mtoto: "siku ya kufunga kwenu mnatafuta anasa zenu wenyewe, na kuwalemea wote wawatumikiao." Siku zote nilidhani wanasemwa Wayahudi.

Haya, tupeane uzoefu. Sitaki mahubiri, nataka lililokukuta.

#2
Hahaha mkuu sabufa imenimaliza. Mimi wa Kanda ya Ziwa, Ijumaa bila nyama kwetu wala si adhabu, tunakula sato na ugali kama siku zote na tunashukuru. Nilipohamia Dar ndo nikaona maajabu, jamaa wa ofisini Ijumaa ya Kwaresima anaagiza kamba na samaki mkubwa wa kupaka, bili inazidi nyama choma ya wiki nzima, anakwambia mimi leo nafunga. Mwaka huo nikaamua Ijumaa zote mchana nakula kile anachokula mlinzi wetu, yaani namfuata palepale kwa mama ntilie, ugali maharage na mchicha, tunakaa benchi moja. Nimekaa ofisi ile miaka minne jina lake nilikuwa simjui, nilikuwa namwita soja.

#3
Mimi nesi, nina vidonda vya tumbo. Kwaresima moja niliamua kufunga kavu kutwa nzima kama wale wa zamani, na niko zamu ya usiku. Siku ya nne nilianguka wodini, wagonjwa ndo walioita msaada, aibu niliyoipata Mungu anajua. Paroko wangu akanifokea kweli. Akanieleza kwamba Kanisa lenyewe limeweka siku mbili tu za kufunga, Majivu na Ijumaa Kuu, mlo mmoja wa kushiba na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifiki mlo, tena kwa wenye miaka 18 mpaka 59, na mgonjwa halazimiki. Akasema wewe hukuwa unamtafuta Mungu, ulikuwa unashindana.

Neno lile liliniuma kwa sababu ni kweli, kuna mwenzangu kwenye jumuiya alikuwa anafunga kavu na mimi sikutaka anizidi.

Basi nikabadilisha. Nikimaliza zamu, kabla ya kuvua yunifomu nakaa dakika kumi na mgonjwa asiye na ndugu. Sindano hakuna, dawa hakuna, kukaa tu. Msidhani ni kitu rahisi, asubuhi baada ya zamu ya usiku dakika kumi ni ndefu kuliko njaa. Kuna mzee alikuwa ananisimulia ng'ombe zake kila siku zilezile, kwa majina. Alifariki Jumanne ya Juma Kuu. Yale majina ya ng'ombe ninayo mpaka leo.

#4
Samahani lakini Matayo 6 si ndo Injili ya siku ileile ya Majivu? "Bali wewe ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso; ili usionekane na watu kuwa unafunga." Sasa mbona mnajitangaza humu? Thawabu yenu mmeshaipata.

#5 (mleta uzi)
Mkuu hoja yako ina uzito na nimeifikiria kabla sijaandika. Ila soma vizuri, hapa hakuna aliyejisifu amefunga vizuri, kila mtu anaeleza alivyochemka.

#6
Mimi Muislamu naruhusiwa? Nimepanga Magomeni nyumba moja na Mkristo, mlango kwa mlango. Zamani nilikuwa namtania sana, nyie mnafunga huku saa nne mnakunywa chai, huo mfungo au ratiba ya chakula. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Majivu yao, tukajikuta wote tumo. Siku moja jioni namwona amekaa barazani midomo imekauka, namuuliza vipi unaumwa, anasema hapana, nimeona mnahangaika na jua hili nikasema nisubiri adhana tule pamoja. Hakuna aliyemwambia. Mama mwenye nyumba alipopata habari basi jamaa akawa na sahani yake ya futari kila siku, tambi, magimbi, uji wa pilipili manga, mpaka akalalamika kwamba Kwaresima hii inamnenepesha hahaha. Utani wangu ule nimeacha.

#7
KKKT hapa, Mlutheri. Sisi hatupangiwi cha kuacha, tuna ibada zetu za Kwaresima katikati ya juma na mtu anaamua mwenyewe. Nikaamua naacha mikeka siku 40. Nikajua ni kitu kidogo maana siku zote nasema mimi nabeti kwa kujifurahisha, naweza kuacha muda wowote.

Wakuu siku ya tano mkono unatetemeka. Jumamosi mechi zinachezwa nimetoka kutembea bila simu, nimezunguka mtaa mara tatu, mama mmoja akaniuliza baba umepotelewa na nini. Hapo ndo nikajua nina bwana mwingine na simjui. Mchungaji alikuwa anasema kufunga ni kama kuzima redio ndo unasikia bomba linavuja, mimi langu lilikuwa linavuja miaka. Kila nilichotaka kuweka nikawa natia kwenye bahasha, siku ya Pasaka nimeifungua sikuamini, ni ada ya mtoto muhula mzima.

Nisidanganye, wiki ya pili baada ya Pasaka nilirudi. Sasa hivi nimeacha tena, huu ni mwezi wa saba sijabeti, ila safari hii nimemwambia mke wangu.

#8
Yangu fupi. 14 Februari 2024 valentine iliangukia Majivu, boifrendi ameshalipia nyama choma, mimi nimetoka misa ya asubuhi sijafuta paji la uso. Mhudumu ananiambia dada una masizi hapo. Tuliishia kugawana ndizi za kukaanga, nyama akafungiwa akala kesho yake. Nilimuoa huyo. Yaani alinioa.

#9
Nimesoma zote kimya, niseme yangu. Mimi na kaka yangu hatuongei mwaka wa sita, shamba la mzee. Nilikuwa naenda Njia ya Msalaba kila Ijumaa, vituo vyote 14 napiga magoti mpaka suruali inachanika, na jioni nikilala napanga la kumjibu tukionana mahakamani. Mwaka huu nikasema sifungi chakula, nafunga maneno, simsemi vibaya kwa mtu yeyote, na kila Ijumaa nikitoka kanisani nampigia simu.

Ijumaa ya kwanza hakupokea. Ya pili hakupokea. Ya tatu akakata. Ya nne namba haipatikani, nikasema kaniblock, nikafurahi kidogo kusema ukweli, maana nimeshatimiza wajibu. Ya tano ikaita tena. Juzi ya sita akapokea.

"Unasemaje?"
"Nakusalimia tu kaka."
Akanyamaza muda hivi, nasikia kuku kwa nyuma.
"Haya." Akakata.

Sijui hiyo ni nini.

#10
Mkuu hiyo ni haya. Ijumaa hii ni Ijumaa Kuu, piga tena, na ukikosa salio njoo pm unipe namba nikurushie.