Tupeane uzoefu: Viza ya utafiti ughaibuni, wewe uliingilia mlango upi?

Mlimani wa Zamani

Wakuu, salaam. Vijana wetu wanapata nafasi za posdok nje, yaani utafiti baada ya shahada ya uzamivu, wanapiga hesabu ya mshahara, lakini aina ya viza wanawaachia wenyeji wawachagulie. Waliopita huko, semeni: viza yako ilikufungulia nini, na ilikuzuia nini?

Naanza mimi. Nilikwenda Marekani kwa J-1 ya mtafiti, viza ya wageni wa kubadilishana, ambayo ukomo wake ni miaka 5. Chuo ndicho kinakutolea fomu ya DS-2019, ya kuombea viza hiyo. Mke wangu alikuja na J-2, viza ya familia ya mwenye J-1, akaomba kibali cha kazi baada ya kufika, akakipata. Kipengele cha sheria yao ya uhamiaji cha kusoma kwa makini ni 212(e). Kama fedha zako zimetoka serikalini, iwe yao au yetu, au fani yako imo kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika nchini kwako, unapaswa kurudi nyumbani miaka 2 kabla ya kupata H-1B, ile viza ya kazi ya wataalamu, au makazi ya kudumu. Mimi nilikuwa narudi kufundisha, hakikunigusa. Mwenzangu wa maabara kilimkosesha kazi nzuri kabisa.

Lingine halisemwi sana: ukishamaliza J-1 ya mtafiti, huanzi nyingine ya aina hiyo mpaka ipite miezi 24, hata kama ulikaa wiki chache. Kwa ziara fupi, waambie wakuweke kundi la mtafiti wa muda mfupi, lenye ukomo wa miezi 6. Hilo halina kifungo cha miezi 24.

Mama Wawili

Asante kaka. Mimi niko Ujerumani, nina kibali cha mtafiti, kile cha kifungu 18d cha sheria yao ya ukaazi. Kinasimama juu ya mkataba wa kupokelewa, wao wanauita Aufnahmevereinbarung, unaosainiwa na taasisi. Hakidai kima cha chini cha mshahara kama Kadi ya Bluu, kibali cha kazi cha wasomi cha Umoja wa Ulaya, ndiyo maana hata mwenye ufadhili anaingia. Mume wangu anaruhusiwa kufanya kazi, na kwetu hilo ndilo lililoamua. Utafiti ukiisha naweza kuomba kubaki miezi 9 nikitafuta kazi. Pia kuna ruhusa ya kwenda kufanya utafiti nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya hadi siku 180 ndani ya siku 360, isipokuwa Denmark na Ireland.

Kilichotuchelewesha ni vyeti vya watoto. Jina la baba lilisomeka tofauti na kwenye pasi. Nendeni RITA, wakala wa Tanzania wa vyeti vya kuzaliwa, mkarekebishe mapema, msingoje tarehe ya ubalozi.

Mwanamaabara

Dada kasema kweli kuhusu majina. Mimi Uingereza. Chuo kilitaka kuniombea Skilled Worker, viza ya kazi chini ya mwajiri, nikauliza kama mfadhili wa mradi wetu yumo kwenye orodha ya UKRI, taasisi ya umma inayofadhili utafiti. Alikuwemo, nikaomba Global Talent, viza ya wenye vipaji. Haikufungi kwa mwajiri mmoja, na mtafiti anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Ila jiandaeni kwa ada ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na inalipwa yote mwanzoni. Miaka 3 ni pauni 3,105, bado mwenza na watoto. Ulizeni kama chuo kinarudisha, na jibu walitoe kwa maandishi kabla hamjasaini. Wanaotoka Tanzania na Kenya wanahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu.

Mgeni wa Njiro

Shikamoo wakuu. Nimeahidiwa H-1B na chuo kimoja Marekani. Nikubali?

Mlimani wa Zamani

Marahaba. Vyuo vikuu haviingii kwenye bahati nasibu ya kugawa nafasi za H-1B, hapo una nafuu. Lakini tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi. Waandikie leo uwaulize nani analipa, na kama hawalipi, wana njia gani nyingine ya kukupokea. Ukishapata jibu, lilete hapa tulisome pamoja.