Nimelipa laki na ishirini nitolewe harufu ya ukungu kwenye gari, nimeambiwa harufu ni ya mtu

Kisiki cha Mpingo (mtoa mada)

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa ndani ya gari, nje ya kwangu, vioo vyote vinne chini. Ndani siingii. Mama mkwe yuko sebuleni na sijui nitamtazama kwa jicho gani.

Yule jamaa wa kusafisha magari mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa "viti vinarudi kama ndiyo vinashuka melini kutoka Japani". Yule wa aproni ya bluu, anayekuita bosi mara kumi na nne kabla hujazima injini. Nusu ya watu humu keshawala hela, na nusu iliyobaki zamu yenu inakuja.

Leo mchana, mbele ya mama mkwe, jamaa kaingiza kichwa kwenye gari langu, kanusa. Katoa kichwa. Kanusa bega langu. BEGA LANGU wakuu. Kisha kasema, taratibu kama daktari anayetoa majibu: "Bosi, gari liko safi. Harufu hii ni ya mtu."

Ya mtu.

Ngoja nirudi nyuma. Gari ni Toyota Harrier, ile tunayoiita tako la nyani, siti za ngozi, rangi ya krimu. Masika haya nilikwenda Songea msibani, nikaliacha chini ya mwembe wiki tatu. Mvua ya Dar mnaijua. Narudi, nafungua mlango, nikadhani kuna mtu kafia humo. Siti ya dereva imeota nywele. Sisemi madoa, nasema nywele, nyeupe na za kijani, nyingine zimejisokota. Usukani una ndevu kunishinda mimi. Mkanda wa siti ukiushika unateleza kama mlenda. Harufu yenyewe ni ya soksi ya mwanafunzi wa bweni iliyosahaulika kwenye ndoo tangu muhula wa kwanza.

Nikalipeleka kwa jamaa. Laki na ishirini, siku mbili. Akauliza, "Bosi, hii ni ngozi halisi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi hapa umefika."

Nimefika kweli.

Nakwenda kulichukua, gari linang'aa. Viti kavipaka mafuta sijui ya nini, nikikaa nateleza mpaka chini ya usukani kama mtoto wa chekechea. Nikishika breki, makalio ndiyo yanatangulia kwenye pedali. Na katundika vimanukato vitano, gari linanukia kama duka la udi lililofunga ndoa na saluni. Nikalipa, nikashukuru, nikamwachia na ya soda.

Siku ya tatu nimefunga vioo kwenye foleni ya Ubungo, nimewasha AC. Ukungu huo. Umerudi, safari hii umejipulizia asumini.

Nikampigia. Akaja na "unga maalumu", akamwaga kwenye kapeti lote na kwenye mishono ya siti, akasema niuache ulale usiku kucha, utafyonza harufu. Asubuhi gari linanuka mandazi. Napapasa chini ya siti, naokota pakiti kaisahau. HAMIRA. Mtu kamwambia habari za ile soda ya kuokea keki, kichwani kwake ikabaki "ile ya kuumulia". Hamira yenyewe ni fangasi! Nimetibiwa fangasi kwa fangasi, kwenye kapeti lenye unyevu, na joto hili la Dar. Siku mbili nilikuwa naliangalia gari langu kama naliona linaumuka.

Sasa leo. Nimempokea mama mkwe kutoka Tanga, stendi ya Magufuli pale Mbezi. Kakaa nyuma. Tunafika Kimara keshavuta khanga mpaka puani. Hakusema neno, ni mtu mwenye adabu zake. Mimi kwa ujinga wangu nikasema, "Mama, samahani, tupitie mahali dakika moja, kuna fundi nataka aisikie hii harufu kwa pua yake mwenyewe." Nilitaka shahidi. Nimempata.

"Harufu hii ni ya mtu."

Na kutoka siti ya nyuma nikasikia: "Mmh."

Mmh tu, basi. Kutoka pale mpaka Tabata hakuna aliyefungua mdomo. Kufika nyumbani kashuka, kasema, "Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Kaoge upumzike."

KAOGE. Nimeoga mara mbili leo asubuhi kwa sababu nilijua nakwenda kumpokea!

Sitaki hela. Yaani, hela naitaka. Lakini zaidi nataka aje hapa na aproni yake amwambie mama ni ukungu. Kaninusa bega wakuu. Bega.

Nyuki wa Sikonge

Nimeweka kambi. Nani ana kahawa?

Bint Makorora

Mimi mtu wa Tanga, nikusaidie kutafsiri. "Mmh" ya mama wa Kitanga ina maana tatu na hakuna hata moja ya kukufurahisha. Alivyokwambia kaoge alikuonea huruma tu. Pole shemeji.

Kibaraza

Mtoa mada, swali dogo, si kwa ubaya. Una uhakika harufu si yako?

Kisiki cha Mpingo

Nimeoga mara mbili nimesema.

Kibaraza

Mtu asiyenuka anaoga mara mbili asubuhi kwa nini? Nauliza tu.

Mzee wa Kona Bar

Jamaa namjua. Siti zangu zilikuwa nyeusi, na ukungu kidogo tu, vidoti. Kazisugua na jiki. Jiki kwenye ngozi! Sasa hivi ni ramani ya dunia, na pale ninapokaa imepasuka kama tope la kiangazi. Nilipolalamika akaniambia "bosi, hiyo ndiyo fasheni". Mwenzio angalau umenuswa bega, mimi alinipigia picha siti akaiweka kama tangazo la kazi yake.

Nyuki wa Sikonge

Mzee, ramani hiyo Tanzania ipo?

Mzee wa Kona Bar

Ipo. Ziwa Victoria ndiyo limekaa chini ya paja la kulia.

Dokta wa Kapeti

Tuache utani kidogo. Kisiki, umelipa hela kwa kitu ambacho hakikuwa ugonjwa wenyewe. Ukungu wa kwenye ngozi uko juu juu na kwenye mishono. Unafunga barakoa, milango wazi, unafuta kwa kitambaa chenye siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, au spiriti na maji kwa kipimo hichohicho, ukishajaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Kitambaa kikamue, usiloweshe, maji yakipenya kwenye mshono yanakwenda kulala kwenye sponji. Unakausha kivulini kwenye upepo, siyo jua la saa saba, ngozi itakakamaa. Ndipo unapaka mafuta ya ngozi, kidogo, siyo ya kukaangia chipsi kama uliyopakwa.

Lakini harufu inayorudi kila ukifunga vioo haikai kwenye siti. Hilo gari lina sanrufu? Kwenye kona za sanrufu kuna mirija ya kushusha maji. Umeegesha chini ya mwembe wiki tatu, majani yameziba mirija, maji yameshukia ndani. Juu ya kapeti utaona kukavu. Chini yake kuna sufi nene, hiyo ndiyo inakunywa maji na haiyarudishi. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya siku moja au mbili, ukungu unaanza kazi. Bonyeza kapeti la miguu ya abiria wa mbele kwa nguvu zako zote utuambie.

Kisiki cha Mpingo

Lina sanrufu. Nimebonyeza sasa hivi.

Limetoa maji mpaka kwenye kiwiko.

Nyuki wa Sikonge

Kwa hiyo siyo bega?

Dokta wa Kapeti

Siyo bega. Ng'oa siti za mbele, boliti nne nne, chomoa waya zake taratibu ukiwa umetoa betri. Nyanyua kapeti, kausha mpaka sufi itoe vumbi, zibua mirija. Na ile hamira inyonywe yote kwa mashine. Kisha fungua kiboksi cha mbele ya abiria, nyuma yake kuna filta ya AC. Ukiiona utalia. Usiioshe, tupa, nunua mpya. Mashine za ozoni mtu asikudanganye kabla gari halijakauka, na siku ukiitumia usikae ndani, hiyo hewa inaumiza mapafu.

Kibaraza

Dokta wa Kapeti, maelezo mazuri sana. Aproni yako ya rangi gani?

Bint Makorora

😂😂😂 Na mimi nimeshtuka! Bado neno "bosi" tu hapo.

Dokta wa Kapeti

Mimi ni mwalimu wa sekondari jamani.

Kibaraza

Sijauliza kazi. Nimeuliza aproni.

Mama Wawili

Afadhali nyinyi mnanuswa. Fundi wangu wa nguo, na yeye wote mnamjua, kakaa na kitenge changu tangu Kwaresima. Nilimpa doti nzima, gauni la Pasaka. Pasaka imepita. Nikasema basi la harusi ya mdogo wangu. Harusi imepita, bibi harusi sasa ana mimba. Kila nikipiga simu, "dada, imebaki kufunga vifungo". Gauni halina vifungo! Jumapili iliyopita namuona mke wake kanisani kavaa kitenge changu.

Bint Makorora

WEWE!

Mzee wa Kona Bar

Alikuwa amependeza?

Mama Wawili

Ndiyo kinachoniuma. Kamkaa vizuri.

Mtu wa Bara

Mafundi wa nguo wote lao moja. Wangu alinishonea suruali ya suti mguu mmoja mrefu, akaniambia nisimame vizuri.

Kisiki cha Mpingo

Wakuu turudi kwenye mada. Nimwambieje mama? Nimuite aje abonyeze kapeti mwenyewe?

Bint Makorora

Usithubutu kumwinamisha mkweo kwenye gari linalonuka. Mtume mkeo. Mama Wawili, huyo mke wa fundi ulimsalimia?

Mama Wawili

Tulipeana mkono wa amani. Nikamwambia "amani iwe nawe" huku naushika mkono wa gauni. Lile pindo nalijua, nilichagua mwenyewe Kariakoo.

Nyuki wa Sikonge

Kahawa imeisha, nahamia chai.

Mzee wa Kona Bar

Mpeleke kwa mjumbe. Kitenge ni mali, mke wa fundi ni ushahidi.

Mtu wa Bara

Mjumbe wetu mwenyewe kashona suti kwa huyohuyo. Anatembea kiupandeupande mpaka leo.

Kisiki cha Mpingo

Nimeng'oa siti moja. Chini kuna embe. Limeota.

Kibaraza

Mtoa mada, hiyo tako la nyani hauuzi?

Kisiki cha Mpingo

Siuzi.

Kibaraza

Nina milioni nne na embe nakuachia.

Mama Wawili

Jamani fundi amejibu meseji saa hii! Anasema nije kesho, "imebaki kupiga pasi".

Bint Makorora

Bila shaka mkewe amelivua. Nenda na kanisa zima.