Vitoto vya mbwa vimenyeshewa usiku kucha: nianze na maziwa?

Mkaazi wa Kisauni
Assalaam aleikum jamani. Kuna vitoto vinne vya mbwa vimetiwa guniani na kutupwa kando ya mtaro. Macho hayajafunguka, vitovu bado vinaning'inia. Viwili vinalia, viwili vimelegea na ukivishika ni baridi. Nina maziwa ya pakiti na bomba la sindano. Nivipe sasa hivi?

Agroveti Bamburi
Waaleikum salaam. La, usitie kitu tumboni bado. Joto kwanza.

Kitoto cha siku chache hakiwezi kujitengenezea joto, hata kutetemeka hakijui. Sisi wa Mombasa tukiona nyuzi 22 za usiku wa Julai twasema pametulia, lakini mwili wake wataka 35 hadi 37, na manyoya yaliyolowa pamoja na upepo wa kusi huuteremsha upesi. Ukishuka chini ya 34, tumbo husimama kusaga. Maziwa hukaa yakachacha na tumbo likavimba, au hurudi juu yakaingia mapafuni. Ndiyo maana vingi hufa baada ya kulishwa, na mtu akadhani ni njaa.

Vifute kwa taulo kavu, ukisugua mgongo na mbavu mpaka manyoya yakauke kabisa. Tafuta katoni, utandike nguo kuukuu. Chukua chupa mbili za soda za nusu lita, tia maji moto, zungushia leso mara mbili, uziweke upande mmoja tu wa katoni. Upande wa pili ubaki bila chupa, ili kinachoona joto limezidi kijiburure kando. Vilivyolegea haviwezi kujiburura, hivyo vigeuze kila baada ya dakika chache. Maji yakipoa badilisha, maana chupa iliyopoa hunyonya joto la kitoto badala ya kukipa.

Fanya polepole, saa moja hadi tatu. Usivitose kwenye maji moto wala usivipashe haraka: damu hukimbilia kwenye ngozi, na moyo uliochoka hushindwa. Jiko la makaa lisiingie chumba hicho, moshi wake huua.

Vilivyolegea vipake tone moja la maji ya glukosi kwenye ufizi kwa kidole. Tone tu, lisifike kooni. Kipimajoto cha duka la dawa kipake mafuta, ukiingize nyuma kiasi cha sentimita moja. Kikisoma 35 na kuendelea, na kitoto kikanyonya kidole chako kwa nguvu, hapo ndipo maziwa.

Mkaazi wa Kisauni
Ahsante sana. Vinakauka sasa. Haya maziwa ya pakiti yafaa hivyo hivyo?

Bi Tudor
Peke yake hayafai, mwanangu. Maziwa ya ng'ombe yana sukari nyingi ya maziwa, ila mafuta na protini yake ni kidogo; huharisha, na kuharisha hukausha kitoto upesi mno. Ulizia agroveti maziwa ya unga ya vitoto vya mbwa. Yakikosekana, ya kukuvusha siku moja au mbili ni haya: kikombe cha maziwa (ml 240), viini vya mayai 3 bila ute, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya mahindi, chumvi chembe. Changanya, chuja, weka kwenye friji, pasha ya mlo mmoja tu mpaka yawe vuguvugu.

Kitoto kilale kwa tumbo, kichwa kimeinuka kidogo, kama anyonyavyo kwa mamake. Usikilaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yatakwenda mapafuni. Bomba la ml 1 ni bora kuliko la 5, kwani kubwa hukwama kisha hutoka kwa kishindo. Povu la maziwa likitokea puani, simama hapo hapo, kiinamishe kichwa.

Kiasi: ml 15 hadi 20 kwa kila gramu 100 za uzito kwa siku, ugawe mara nane, usiku pia. Cha gramu 300 hupata ml 6 au 7 kwa mlo. Kila baada ya mlo, pamba yenye maji vuguvugu, sugua sehemu za haja mpaka kikojoe. Mamake hufanya hivyo kwa ulimi, na bila hivyo mkojo hukwama. Anayechelea najisi avae glavu.

Agroveti Bamburi
Naongeza: miguu ya meza iliyobeba katoni itie kwenye vikopo vya maji, sisimizi hufuata harufu ya maziwa. Viroboto viondoe kwa kitana chenye meno ya karibu. Dawa za mbwa wakubwa huua vitoto. Pima kila asubuhi kwa mzani wa jikoni. Kisichoongezeka siku mbili kipeleke kwa daktari wa mifugo.

Na mama akionekana mtaani, usimshike. Akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.