Kuandaa chuma kabla ya rangi: brashi ya grenda, asidi au kupiga mchanga?

Fundi_Uyole: Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya stendi ya tenki, mteja hataki kusikia habari ya rangi kubanduka. Mimi nimezoea brashi ya waya kwenye grenda, sasa kuna jamaa Mwanjelwa anauza kompresa na mtungi wa kupigia mchanga kwa upepo kwenye chuma, vyote used. Nichukue, nibaki na grenda, au nitumie asidi? Anataka jibu kesho.

Mnyalu_wa_Ipogolo: Chuma kipya au chakavu? Cheusi au cha zinki? Kinaenda kukaa wapi? Unatuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kaka_Grenda: Grenda inatosha, mambo ya mitungi ni kupoteza hela.

Fundi_Uyole: Samahani wakuu, ni engo nyeusi mpya, bado ina mafuta ya dukani. Inaenda Tukuyu.

Mnyalu_wa_Ipogolo: Mpya ina lile gamba la bluu la kiwandani, brashi inaling'arisha tu linabaki kama kioo. Rangi itashika nini hapo?

Bi_Msasa: Tukuyu?? Pole. Mwaka juzi nilipiga geti la mama mmoja huko, asubuhi nikapiga brashi vizuri tu, nikafuta na tambara la petroli, lile lile nililofutia mikono, nikaenda kula makande, narudi saa kumi ukungu umeshashuka, chuma ukigusa ni baridi na maji maji kama mgongo wa chura, nikajisemea redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, haina shida. Miezi minne mama ananiita, anabandua rangi kwa kucha inatoka kama ganda la ndizi, na chini yake kutu imechora vidole vyangu vyote vitano.

Mnyaki_Ughaibuni: Dada hapo kwenye vidole umenigusa. Niko Ujerumani nasomea mipako ya kuta za reakta za fyusheni, zile za kutoa nishati kwa kuunganisha atomi kama jua, mashine kama ITER inayojengwa Cadarache kule Ufaransa, plazima yake, yaani gesi ya moto ya ndani, inatakiwa ifike digrii milioni 150. Ukuta wanauvika tangisteni maana inayeyuka kwenye digrii 3,422, ila ikipata moto inatanuka kidogo wakati shaba ya nyuma yake inatanuka zaidi ya mara tatu, kwa hiyo panapoachia ni pale zinaposhikana. Ndo maana kipande kinaoshwa mafuta KWANZA, ndipo kinapigwa chenga ngumu za alumina kama mnavyopiga mchanga, halafu hakiguswi bila glavu. Ukipiga kabla ya kuosha unayashindilia mafuta kwenye vishimo.

Kaka_Grenda: Tenki la maji Tukuyu na digrii milioni 150 wapi na wapi 😂

Bi_Msasa: Cheka tu, tambara ni lile lile.

Mnyalu_wa_Ipogolo: Na usije ukachota mchanga wa mto, vumbi lake linaua mapafu na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tafuta garneti, zile chenga za mawe za kupigia badala ya mchanga.

Fundi_Uyole: Garneti Mbeya naipata wapi sasa? Asidi je?

Mnyalu_wa_Ipogolo: Asidi kwenye engo zilizochomelewa inajificha kwenye maungio, usipoisuuza vizuri kutu inaanzia humo humo. Hiyo kompresa lita ngapi? Hizi za kujazia tairi unapiga kidogo unasubiri ijae.

Fundi_Uyole: Kibandiko kimefutika mkuu, ila tenki lake lina rangi mpya kabisa.

Bi_Msasa: Ikwangue kwa kucha kwanza.