Nina digrii ya uuguzi, nisome nini sasa: ICU, dawa za usingizi au MPH?

Binti Sengerema: Habari za jioni wakuu. Nina digrii ya uuguzi, nimeajiriwa serikalini, hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa, wodi ya wazazi. Nimeshathibitishwa kazini, sasa nataka kurudi shule. Moyo unanivuta ICU, kwa wagonjwa mahututi. Mume wangu anasema MPH, uzamili wa afya ya jamii, ndiyo yenye hela za miradi. Halafu kuna wakala ananisumbua kwa simu kuhusu Uingereza. Mliopita huko naombeni ushauri.

Kijana wa Nyegezi: MPH, dada. Gari la mradi, posho, semina Morogoro. Unauliza nini tena?

Sista Mlezi: Mdogo wangu, hizo ni habari za zamani. USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa likilipia miradi, lilipofungwa 2025, wenye MPH wangapi walirudi mtaani na CV mkononi? Ni shahada nzuri kwa anayependa takwimu na kazi za ofisi ya DMO (mganga mkuu wa wilaya), ila mgonjwa utakuwa unakutana naye kwenye ripoti.

Binti, chuo cha MUHAS Dar kuna uzamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, na upo wa ukunga na afya ya wanawake. Kabla hujajaza fomu, jiulize: hapo wilayani ventileta, mashine ya kupumulia, ipo? Kama haipo, utarudi na uzamili wako wa ICU upangiwe wodi ileile ya wazazi. Labda uwe umejipanga kuhamia hospitali kubwa ya Bugando, Mwanza. Mimi ningeenda na ukunga.

Mtu wa Tiata: Usingizi mmeuruka kwa nini? Wilayani mtu wa usingizi akienda likizo, mama wa oparesheni anaandikiwa rufaa. Hospitali ya KCMC, Moshi, wamefundisha wauguzi kazi hii miaka mingi. Ila ujue, saa tisa usiku presha ya mama ikishuka baada ya sindano ya mgongo, anayetazamwa ni wewe. Wengine hawaliwezi hilo, na si dhambi.

Mbeba Boksi: Huyo wakala achana naye. Tanzania imo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, hawaruhusiwi kuja kuwasaka wauguzi huku. Ukitaka, omba kazi mwenyewe moja kwa moja. Kuna mtihani wa kompyuta wa NMC, baraza lao la wauguzi, kisha wa vitendo ukishafika. Marekani ni NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, maswali 85 hadi 150, kompyuta ndiyo inaamua ikukatie wapi. Usimtumie mtu hela.

Binti Sengerema: Asanteni. ICU yetu ni vitanda viwili na mtungi wa oksijeni, Sista umenigusa. Ruhusa ya mwajiri naombaje, naanza nayo au na udahili?

Sista Mlezi: Anza kwa Muuguzi Mkuu wa wilaya, jina liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Udahili omba sambamba. Usiondoke bila barua, utaandikiwa utoro.

Kijana wa Nyegezi: Na mume je?

Binti Sengerema: Huyo niachieni mimi.