Waya wa spika: unachaguliwa kwa kuangalia ampi au kwa kuangalia umbali? Tujadili kwa hoja

Wakuu salaam. Kuna jamaa kauliza swali ambalo kila likiulizwa watu wanagombana. Ana ampi (amplifaya, mashine ya kukuza sauti) ya stirio ya kawaida tu, spika zake zimeandikwa omu 6 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia umeme), hela ya waya ni ndogo, anataka waya utakaoendana na ampi yake. Wa kwanza kamjibu ampi za aina hiyo zina ukali kwenye sauti za juu kwahiyo atafute waya wenye sauti laini wa kuituliza. Wa pili kamwambia waya ni waya, hata ule mwembamba wa taa ya mezani unatosha, asisumbuke. Mimi nasema wote wawili wamempoteza, na huyu wa kwanza ndio anaweza kumtia hasara kubwa zaidi maana vitu vya "kutuliza ampi" havinaga mwisho.

Nianze na huyu wa waya wa taa kwasababu yake ni hesabu tu. Waya una ukinzani, na umeme unaenda na kurudi, yaani ukivuta mita 5 hadi kwenye spika umeweka mita 10 za shaba njiani. Shaba yenye unene wa milimita mraba 0.75 kwa urefu huo inakupa kama omu 0.23, ya 1.5 inakupa kama 0.115, ya 2.5 inabaki kama 0.07. Utasema 0.23 ni kitu gani mbele ya spika ya omu 6, lakini hiyo 6 iliyoandikwa nyuma ya boksi sio ya muda wote, spika inapanda na kushuka kufuatana na sauti inayopita, nyingine zinagusa 4 au chini ya hapo. Kwenye omu 4 ule wa 0.75 unakula karibu nusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti), wa 2.5 unakula 0.15 tu. Na haukati sawa kila mahali, pale spika iliposhuka unakata zaidi, ilipopanda unakata kidogo, kwahiyo mlingano wa sauti unahama kweli. Hapo nakubali kabisa kwamba waya unabadilisha sauti. Sio uchawi, ni wembamba.

Roger Russell, aliyekuwa injinia wa McIntosh, kampuni ya kutengeneza ampi, aliweka jedwali kwa kanuni rahisi: ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa waya wa geji 16, ambao ni kama 1.3 hivi, spika ya omu 8 unaweza kuivutia mita 14 na ya omu 4 mita 7. Angalia jedwali hilo linauliza nini: unene, urefu, spika. Jina la ampi halimo.

Watu wa dampingi (namba ya jinsi ampi inavyoishika spika isiendelee kucheza yenyewe) najua mtakuja, njooni. Ampi yenye dampingi 200 kwa omu 8 maana yake yenyewe ndani ina omu 0.04, ukiongeza mita 5 za waya wa 2.5 ile 200 inadondoka hadi kama 73, ukiweka wa 0.75 inafika 30. Inatisha ukiisoma hivyo, ila mnasahau koili (waya uliozungushwa) ya spika yenyewe ina omu kama 6 za shaba kwenye njia hiyohiyo, na hizo hakuna waya wa kuziondoa, kwahiyo breki inayoishika besi haibadiliki kama hizo namba zinavyoonyesha. Na wenye ampi za valvu (zile za taa za kioo) ndio kabisa, zipo ambazo zenyewe zina zaidi ya omu 1 ndani, hapo waya mnene ni tone la maji tu.

Kuna mahali ampi ina usemi na lazima niseme ukweli. Ampi chache zinachagua waya kwa sababu za umeme. Naim, kampuni ya ampi ya Uingereza, wenyewe wanataka usishuke chini ya mita 3.5 kila upande, kwasababu ampi zao za jadi hazikuwekewa koili pale sauti inapotokea, zinategemea waya uifanye hiyo kazi. Na nyaya zile za kusukwa nyuzi nyingi kama nywele zinabeba kapasitansi (uwezo wa kutunza chaji ya umeme) kubwa, zipo ampi ambazo zikifungwa nazo zinaanza kutetema kwenye masafa usiyoyasikia, zinachemka mpaka kuungua. Kwahiyo soma kitabu cha ampi yako. Kama hakisemi kitu, chukua waya wa kawaida wa njia mbili zinazokwenda sambamba.

Pesa yenu inapoliwa hasa ni kwenye shaba ya uongo, na hili naomba mlisikie vizuri. Mimi nilinunua rola limeandikwa 2.5, ngozi inang'aa, uzi mwekundu pembeni, ukiangalia ncha unaona rangi ya shaba safi kabisa. Nilishangaa tu wepesi wake mkononi. Baada ya muda nikawa nakaza skrubu nyuma ya spika nyuzi zinakatika kama majani makavu, nikachukua moja nikaikwangua na wembe taratibu, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 ya shaba, kwahiyo ile 2.5 niliyolipia ilikuwa inafanya kazi ya 1.5 hivi, na ncha zake zinachoka haraka. Tahadhari, shaba iliyopakwa bati nayo ni nyeupe kwa nje lakini ukikwangua ndani ni nyekundu, hiyo ni nzuri usiitupe. Haya maneno ya shaba isiyo na oksijeni tofauti yake kwenye upitishaji ni kama asilimia 1, hata fedha tupu inaizidi shaba kwa asilimia 6 tu, ukiongeza unene kidogo umeshaifikia.

Sasa wale wa "mimi nasikia kwa masikio yangu". Sisemi mnadanganya. Rafiki yangu alileta nyaya zake za gharama tukabadilisha, tukakaa, wote wawili tukasema sauti imetanuka, imetoka nje ya spika, imejaa chumba. Tulifurahia kama nusu saa mpaka ukapigwa wimbo wenye gitaa la besi na besi haipo. Kwenda kuangalia nyuma, spika ya kushoto imefungwa kinyume, nyekundu kwenye nyeusi. Ule "upana" wote ulikuwa spika mbili zinavutana, moja inasukuma nyingine inavuta. Tulipogeuza tukabaki na sauti ileile ya waya wangu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasifia upana nauliza kwanza alifungaje.

Na wenzangu tunaobisha tusilitumie lile la 2007 la James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kupinga madai ya miujiza, kama ushahidi. Ndio, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayetofautisha nyaya za kifahari na za kawaida bila kuona, ila jaribio lenyewe halikufanyika. Hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Kwa yule jamaa jibu langu ni shaba halisi ya 1.5 kama spika ziko karibu, 2.5 kama zinapita mita 5 au 6 au kama omu za spika zinashuka sana, pande zote mbili urefu sawa, ncha zisokotwe zisiache uzi mmoja ukagusa upande wa pili ukaleta shoti. Basi.

Mnaosema waya "unatuliza" ampi yenye ukali, naomba mniambie hivi: mlipobadilisha, mliweka sauti kiwango kilekile kwa kupima, na aliyekuwa anabadilisha hamkuwa mnamuona? Wekeni na unene na urefu wa nyaya zote mbili, tupige hesabu hapahapa.