Tupeane uzoefu: vyeti na mishahara ya walimu wa shule za vijijini Dodoma

Ndugu wanajukwaa, naomba wote mliofundisha vijijini, pamoja na watoto wenu, tueleze hapa jinsi cheti na mshahara vilivyoendesha maisha yetu. Naanza na habari za marehemu baba yangu.

Azimio la Musoma la Novemba 1974, la chama tawala TANU, lilitaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977. Kwa kuwa walimu waliotoka vyuoni hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakajifunza ualimu huku tayari wanafundisha. Baba alikuwa mmoja wao, katika kijiji cha upande wa Bahi. Asubuhi alishika chaki. Usiku aliwasha kibatari, akasoma masomo yaliyokuja kwa posta na kusikiliza vipindi vya redio, hadi akapata cheti cha Daraja la C, ngazi ya chini ya ualimu kuliko Daraja la A. Watu waliwaita "walimu wa UPE" (kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote) kwa dharau, jambo linaloniuma hadi leo, kwa maana bila wao shule nyingi za vijiji vile zingebaki majengo matupu.

Mshahara ulifuatwa mjini. Baba aliendesha baiskeli hadi stesheni ya Bahi, akapanda treni kwenda Dodoma na kupanga foleni kwenye dirisha la mhasibu. Fedha zisipokuwa zimefika, alilala huko kwa gharama yake, na darasa lake likakaa bila mwalimu. Akirudi, mama alileta daftari la madeni ya dukani: sukari, sabuni, mafuta ya taa. Kila deni lililolipwa baba alilikata kwa ile kalamu nyekundu ya kusahihishia.

Mchangiaji, Kongwa

Pole kwa kuondokewa na mzee. Mimi niliingia ualimu wakati wa MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002, ada ilipokuwa imefutwa na watoto wakafurika madarasani. Tulisoma mwaka mmoja chuoni, wa pili tukaumalizia shuleni tukifundisha. Nilikuwa na kidato cha nne, hivyo nikapewa Daraja la A, lakini mshahara wa kwanza ulichelewa miezi minne, nami nikaishi kwa unga wa mtama niliokopeshwa na mzazi wa mwanafunzi wangu.

Mwalimu mstaafu, Kondoa

Mwanangu uliyeanzisha mada, nami nilianza na Daraja la C kama baba yako. Bila cheti cha kidato cha nne nisingepanda, kwa hiyo niliuza mbuzi wawili, nikalipa ada na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, katika chumba kimoja na vijana niliowafundisha kusoma. Waliponiona walisimama wote, wakaniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha tukakaa kusubiri karatasi. Nilifikia Daraja la A ikiwa imebaki miaka sita nistaafu, na kwa kuwa kiinua mgongo chetu kilikokotolewa kwa mshahara wa mwishoni, ndicho kilichoezeka bati nyumba ninayoandikia haya.